Usitazame ua, tazama lilipochomoza

Mtu akinitumia picha ya ua jeupe lililoinama, limekuzwa mpaka limejaza skrini, humwomba nyingine: shina zima, kutoka chini hadi nchani. Misitu ya mashariki mwa Marekani na Kanada ina mimea kadhaa ya kudumu yenye maua ya kuning'inia, na ua peke yake hupoteza watu wanaotaka kuutambua mmea. Mimi huanza na mahali kikonyo kilipochomoza.

Chukua Polygonatum, jenasi ambayo kwa Kiingereza huitwa Solomon's seal. Shina lake ni moja, halina matawi, limejipinda, na majani yanapishana kushoto na kulia. Inua jani uchungulie: kwenye kwapa lake, pale linapoungana na shina, mnaning'inia maua, mara nyingi mawili, vimirija vyeupe vyenye ukijani na ncha sita. Yakishapita, beri za bluu iliyokoza, karibu nyeusi, huning'inia pale pale. Kutenganisha P. pubescens na P. biflorum kunahitaji lenzi ya mkononi tu. Ya kwanza ina vinyweleo vifupi kwenye mishipa ya upande wa chini wa jani. Ya pili haina. Kimo mimi sikiamini, maana biflorum ikipata udongo mzuri hupita mita moja, na penye udongo hafifu hubaki fupi.

Maianthemum racemosum kwa majani ni pacha wake hasa. Lakini maua yake madogo hurundikana kwenye ncha ya shina, na beri huanza na madoadoa kabla ya kuiva nyekundu. Streptopus amplexifolius inatatiza zaidi, kwa sababu nayo huficha ua chini ya jani. Fuata kikonyo kwa kidole: katikati kimekunjika ghafla kama kiwiko. Tunda lake ni jekundu. Uvularia ina ua la manjano na haizai beri kabisa, bali tunda kavu lenye pembe tatu.

Rizomu ya Polygonatum, yaani shina lake la chini ya ardhi, ina makovu ya mviringo yaliyoachwa na mashina ya miaka iliyopita. Ukiikuta imefunuliwa na mmomonyoko, itazame. Kuichimba sioni sababu.

Wala usionje beri ili kuhakikisha. Za Polygonatum ni sumu, na Convallaria majalis, mgeni kutoka Ulaya aliyetoroka bustanini, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Huyo majani yake mawili au matatu hutoka chini kabisa, na maua yana kikonyo chao cha pekee.