Kupanda Kilimanjaro kwa Hisani Ukiwa na Endometriosisi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Miongoni mwa maelfu ya watu wanaopanda Mlima Kilimanjaro kila mwaka wamo wanaopanda ili kuchangisha fedha za hisani. Mwanamke mwenye endometriosisi anapotangaza kwamba naye atapanda, wapo watakaomwambia kuwa hawezi, na wapo watakaosema kwamba akiweza, basi haumwi. Hilo la pili ndilo linalomuumiza zaidi, kwa hiyo nitaanza nalo.

“Kama anapanda mlima, hilo ni chango tu, maumivu ya kawaida ya hedhi.” Endometriosisi ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, kwenye ovari, mirija, kibofu au utumbo, na mara chache hata kifuani, zikaacha makovu yanayonatisha viungo vya ndani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba unampata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Wingi wa ugonjwa anaouona daktari wakati wa upasuaji haulingani na ukali wa maumivu, na maumivu yenyewe hupanda na kushuka, hivyo aliyetembea kwa muda wa saa 6 Jumanne anaweza kushindwa kuinuka kitandani Alhamisi. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alipita kwenye majukwaa ya mitindo akiwa na ugonjwa huu, na amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara 10. Hakuna aliyemtazama jukwaani ambaye angeweza kuyaona hayo.

Mazoezi nayo yamezushiwa mambo mawili, kwamba hueneza ugonjwa na kwamba huuponya. Hayafanyi lolote kati ya hayo. Baadhi ya wanawake hupata nafuu kwa kutembea, wengine huchoka zaidi, na maandalizi ya miezi kadhaa ndiyo yatakayomwonyesha kila mmoja mwili wake uko upande gani.

“Achague tarehe zisizogongana na hedhi.” Ushauri huu una nia njema lakini hautoshi, kwa sababu maumivu ya endometriosisi huweza kuja siku yoyote, hata wakati wa haja kubwa au ndogo, na safari yenyewe huweza kuvuruga mzunguko. Wapo wanaoandikiwa na daktari vidonge vya homoni vya kumeza bila kukatisha ili damu isitoke. Hivyo huanzwa mapema, si wiki ya safari, na vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, jambo la kuzungumzwa kabla ya kwenda kwenye kimo kikubwa. Kwa maoni yangu, kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni cha wingi wa damu. Anayetokwa na damu nyingi kila mwezi huweza kupungukiwa madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji ili kubeba oksijeni, na pale kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi humpa takriban nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Naye mwenye ugonjwa huu kifuani asipande bila ruhusa ya daktari bingwa: mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alisumbuliwa mara nyingi na pafu kusinyaa kwa sababu hiyo.

“Ameze dawa za maumivu, akaze moyo.” Hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa kuliko kwingine. Ibuprofeni na diklofenaki zinapomezwa na mtu aliyepungukiwa maji huweza kuumiza figo, na mlimani maji hupungua mwilini upesi. Dawa kali zaidi, kama kodeini na tramadoli, huweza kupunguza kasi ya kupumua, na hatari huwa kubwa zaidi usingizini, mahali ambapo hewa tayari ni haba. Vilevile kichwa kuuma sana, kutapika na kupepesuka ni dalili za ugonjwa wa kimo, na mwanamke aliyezoea kuvumilia anaweza kuzihesabu kuwa ni maumivu yake ya kila siku.

Kwa sababu hiyo si kweli kwamba ugonjwa huu ni siri isiyomhusu kiongozi wa msafara. Kiongozi mara nyingi ni mwanamume, na kumtajia hedhi kunahitaji ujasiri, lakini asipojua hawezi kutofautisha dalili. Akijua, atapendekeza siku ya ziada katika kambi ya Horombo, mita 3,720, ili mwili uzoee kimo, na jioni wagumu, yaani wapagazi, watamletea chupa ya maji ya moto ya kuweka tumboni ndani ya mfuko wa kulalia.

“Asipofika kileleni, fedha za watu zimepotea.” Mchangiaji alitoa kwa ajili ya wagonjwa, na mchango huo unafanya kazi ileile hata mpandaji akirudi kutokea Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Afadhali barua ya kuomba michango iseme tangu mwanzo kwamba fedha hazitegemei kilele, kwani usiku wa mwisho, unaoanza karibu saa 6 usiku na kupanda zaidi ya mita 1,100, si wakati wa mtu mwenye maumivu kufikiria deni analodhani anadaiwa na wafadhili. Kiongozi asomewe sentensi hiyo kabla ya safari, ili akimwambia mpandaji ageuke, mpandaji asibishane naye.