Doa la rada si umbo la meli

Wiki hii tena, mtu kaona picha ya rada: "Injinia, hebu vuta hiyo picha karibu tuone ni meli ya aina gani." Naandika hapa ili mwingine akiuliza nimtumie kiungo nirudi kazini. Sisi wa Dodoma bahari tunaiona kwenye faili zilizorekodiwa pwani. Labda ndiyo maana rada tunaifanya kamera.

Rada ya meli inatuma mpigo, inasikiliza mwangwi, inapima muda. Kila maikrosekunde ya kusubiri ni mita 150 za umbali. Antena inazunguka, nyingi mara 24 kwa dakika, na kila mwelekeo unaacha mstari wa namba: nguvu ya mwangwi kwa kila hatua ya umbali. Panga mistari kuzunguka kitovu, ndiyo "picha" hiyo.

Kwenda mbele, yaani kwa umbali kutoka kwenye rada, hakuna ugomvi: mpigo wa maikrosekunde 0.08 unatenganisha vitu vilivyoachana mita 12. Upande ndio balaa. Antena ya futi 4, masafa ya gigahezi 9.4, ina mwale wenye upana wa takribani digrii 1.9. Kwenye maili 6 za baharini huo ni upana wa mita 370 hivi. Jahazi la mita 20 linaanza kurudisha mwangwi ukingo wa mwale ukiligusa, na haliachi mpaka ukingo wa pili upite. Kwenye skrini unapata utepe uliolala kimkingamo, hata kama jahazi limekupa tezi, yaani nyuma yake. Unene huo ni wa antena yako.

"Lakini kisimbaji, kile kifaa kinachosoma antena imeelekea wapi, kinatoa mistari 4096 kwa mzunguko!" Hili ndilo linanikera kuliko yote. Ndiyo, ni digrii 0.088 kwa mstari, mita 17 kwa umbali ule. Ila mwale mmoja unafunika mistari ishirini na ushee, na yote inasimulia jahazi lile lile. Ni kumpiga mtu picha ishirini kupitia kioo chenye ukungu. Zipo hesabu za kupunguza unene wa mwale. Mwangwi ukiwa na nguvu zinasaidia, ukiwa dhaifu zinazalisha boti hewa.

Kugeuza kuwa pikseli: karibu na kitovu sampuli nyingi huangukia pikseli moja. Chukua iliyo kubwa kuliko zote. Wastani unaufuta mtumbwi. Gharama yake, mwangwi wa mawimbi ya bahari nao unavimba. Kizingiti je, yaani kiwango ambacho mwangwi ulio chini yake unafutwa? Fomula nyingi hudhani mawimbi yana tabia ya kelele za kawaida. Hayana. Naanza na fomula, namalizia kwa macho, na siwezi kukuapia kwamba hakuna mtumbwi wa mbao uliokatwa.

Kabla ya yote hayo, sahihisha sifuri ya umbali, yaani pale hesabu ya umbali inapoanzia. Kosa la maikrosekunde 0.3 ni mita 45, na gati lililonyooka linapinda. Sehemu yake iliyo karibu nawe ikisukumwa mbali na kitovu, umbali umezidi. Ikivutwa kuelekea kitovu, umepungua. Rekebisha mpaka linyooke.

Na nyuma ya kitu kirefu hakuna data. Ungeiwasha hapa mjini, Mlima Mlimwa ungetoa ubavu wa upande wako tu, na hakuna programu ya kuchora upande wa pili. Ukitaka jina na urefu wa meli, rekodi AIS (matangazo ya redio ambayo meli hujitambulisha kwayo) wakati ule ule, uoanishe nafasi na saa. Chombo kisichotuma AIS kitabaki utepe.