Waya wa hasi nao unabeba mkondo uleule

Vijijini Rungwe na Mufindi, wapo wanaojifungia sola wenyewe ambao hununua waya mnene kwa upande wa chanya, kisha upande wa hasi wakaunga kawaya chembamba kokote walikokapata. Hoja yao: taa imeshakula umeme, unaorudi kwenye betri ni mabaki tu.

Si kweli. Taa haili mkondo. Chukua taa ya wati 6 kwenye betri ya volti 12. Inapitisha nusu ampea; pima kabla ya taa, pima na baada yake, mita itasoma nusu ampea kote kuwili. Elektroni, yaani chembe ndogo mno zinazobeba umeme, zimo ndani ya shaba tangu waya unatengenezwa. Betri inazisukuma tu, nazo huzunguka zote kwa pamoja kama mnyororo wa baiskeli. Kinachoachwa kwenye taa ni nishati, inayogeuka mwanga na joto, ndiyo maana betri huisha ingawa hakuna elektroni iliyopotea.

Hata umeme wa gridi, hakuna elektroni inayosafiri kutoka bwawa la Mtera hadi sebuleni kwako Iringa mjini. Zinacheza mbele na nyuma palepale, mizunguko 50 kwa sekunde.

Kwa hiyo nunua waya wa hasi wenye unene uleule. Mwembamba hupoteza volti, taa zikafifia. Na ukifunga inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) ya wati 300 kwenye betri hiyo ya volti 12, ampea 25 na zaidi zitapita kwenye waya huo mwembamba. Plastiki itayeyuka, na moto unaweza kushika dari.