Kingamwili ya kipokezi cha GLP-1: jina kwenye lebo si ushahidi

Kichupa chenyewe ni kidogo kama kifundo cha kidole. Kinafika kimezungukwa na barafu, ndani yake mna mikrolita mia moja tu za kimiminika kisicho na rangi, na kwa bei yake mwanafunzi wa uzamili angenunua kemikali za mwezi mzima. Kwenye lebo pameandikwa kwamba kingamwili hii, yaani protini ya kunasia protini nyingine, hugundua kipokezi cha GLP-1. Kipokezi ni protini ya kwenye seli inayopokea ujumbe wa homoni, na GLP-1 ni ile homoni ambayo seli za utumbo humwaga tukishakula ili kongosho litoe insulini. Dawa za kisukari kama Ozempic hufanya kazi kwa kukiamsha kipokezi hichohicho. Ndiyo maana maabara nyingi zinataka kujua kipo wapi mwilini, na ndiyo maana dhana potofu kuhusu vichupa hivi zina madhara makubwa.

Dhana iliyoharibu kazi nyingi kuliko zote ni hii: kama lebo inasema ni kingamwili ya kipokezi fulani, basi ndicho inachokamata. Sivyo. Kingamwili hushika umbo, haisomi jina. Protini nyingine yenye kipande kinachofanana na cha kipokezi itashikwa vilevile, na rangi inayoonyesha kingamwili iliposhika itatokea kwenye darubini kama kawaida.

Kipimo cha haki kipo, na si kigumu kukielewa. Tangu 1996 wapo panya wa maabara walioondolewa jeni ya kipokezi hiki. Mwili wao hauna hata chembe yake. Chukua tishu zao, weka kingamwili yako. Ikionyesha kitu, basi kitu hicho si kipokezi cha GLP-1. Mwaka 2013 kundi la mtafiti wa GLP-1 Daniel Drucker, Toronto, lilichapisha kwenye jarida la Endocrinology matokeo ya kupima kingamwili zinazouzwa madukani kwa njia hiyo. Katika kipimo hicho protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, huhamishiwa kwenye karatasi maalumu, na kingamwili inaposhika hutokea mstari. Mistari ilitokea hata kwa panya wasio na kipokezi. Fikiria makala zote zilizokwisha kuandikwa kwa kutegemea vichupa vya namna hiyo, zikidai kipokezi kipo huku na kule mwilini.

Hapo wengi hujibu, "Lakini mimi nimepata mstari kwenye uzito sahihi." Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe, kwa kujiamini kabisa. Kipokezi cha binadamu kina asidi amino 463, kwa hesabu ni kama kilodaltoni 53 (kipimo cha uzito wa protini), na seli ikishakibandika sukari zake huwa kizito zaidi. Jioni moja nilitoa karatasi yangu ya protini kwenye mashine ya picha nikaona mstari mweusi, mnene, juu kidogo ya alama ya 50. Nilifurahi sana. Kesho yake mwenzangu wa benchi aliniuliza swali moja tu: "Umeweka seli zisizo na kipokezi?" Sikuwa nimeweka. Nikarudia kazi yote kwa kuongeza seli za HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, ambazo kwa kawaida hazitengenezi kipokezi hiki. Mstari ukatokea uleule, mahali palepale, tena mweusi kuliko wa kwanza. Miezi mitatu ya kazi ikaishia hapo. Protini zenye uzito wa karibu kilodaltoni 50 hadi 60 ndani ya seli ni nyingi mno, kwa hiyo uzito peke yake hauthibitishi lolote.

Papo hapo niseme jambo ambalo huwaponza wanaoanza: sampuli za vipokezi vya aina hii msizichemshe kwa nyuzi 95 kama mlivyofundishwa kwa protini nyingine. Kipokezi hiki hupita kwenye utando wa seli mara saba na hupenda mafuta. Kikichemshwa hugandamana na kubaki juu kabisa ya jeli, nanyi mtadhani hakipo. Joto la chumba, au nyuzi 37, linatosha.

Wapo pia wanaodhani kwamba baada ya 2013 hakuna tena kingamwili ya kuaminika. Hilo nalo si kweli, na linanisikitisha kwa sababu linawakatisha tamaa vijana. Mwaka 2014 Charles Pyke na wenzake walichapisha kazi ya kingamwili ya kloni moja (inayotokana na ukoo mmoja wa seli, hivyo haibadiliki) waliyoithibitisha kwa kina, na kando yake wakatumia GLP-1 yenye mionzi kuona kama homoni yenyewe inatua palepale. Ramani waliyopata kwa binadamu na nyani ni ya kuvutia: kwenye kongosho, kipokezi kimejaa kwenye seli za beta, zile zinazotoa insulini, na ni hafifu sana kwenye seli zinazotoa vimeng'enya. Kwenye moyo kipo katika seli za kifundo kinachoanzisha mapigo. Kwenye utumbo kiwango cha juu kabisa kilikuwa katika tezi za Brunner, mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kwenye ini na tezi ya shingo, hawakukiona.

Hilo la tezi ya shingo lizingatieni. Panya wana kipokezi kingi kwenye seli C, aina mojawapo ya seli za tezi hiyo, nyani na binadamu sivyo. Anayesema "imefanya kazi kwa panya, basi itafaa na kwa binadamu" anakosea mara mbili: kingamwili inaweza kutoshika kipokezi cha kiumbe mwingine, na hata ikishika, mahali penyewe panaweza kuwa tofauti.

Kuhusu kingamwili zinazotolewa kwa damu ya sungura, kila sungura ana mchanganyiko wake. Toleo jipya lenye jina lilelile lipimeni upya.

Mwisho, swali ninaloulizwa mara nyingi na ndugu wenye mgonjwa wa kisukari nyumbani: je, kingamwili hii haiwezi kumpima mzee tujue kama dawa itamsaidia? Hapana. Kipimo cha haraka cha malaria kinatumia kingamwili pia, lakini kimejaribiwa na kuidhinishwa kwa wagonjwa. Kichupa hiki kimeandikwa kwamba ni cha utafiti tu. Tena kipokezi kimekaa kwenye utando wa seli, ndani kabisa ya kongosho, hakipimwi kwa kumchoma mzee kidole. Daktari wake ataangalia sukari na HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi ya karibuni.