Kuandika wosia si kujichuria

Kila Desemba mji wa Moshi, Kilimanjaro, hujaa. Watu wanapanda Kibosho, Marangu na Rombo, mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, inazunguka, na ubishi wa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, unaanza upya: nani kasogeza masale, ile mimea ya mpakani? Ukoo mzima upo, na mzee mwenye mali yupo na akili zake timamu. Jaribu kumuuliza kama ameandika wosia, utaambiwa unamchuria.

Kati ya dhana potofu kuhusu wosia na mirathi, hiyo ndiyo mama. Sijamwona aliyeuawa na wosia, ila nimekaa kwenye vikao vya baada ya matanga ambavyo ndugu wa tumbo moja walitoka hawasalimiani. Tena asiyeandika huwa kaacha maagizo hivyo hivyo, ila yametungwa na sheria: ya kimila, ya Kiislamu, au ile Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo Tanzania bado inaitumia. Mahakama hutazama dini ya marehemu na alivyoishi. Mlutheri aliyezeekea mjini na nduguye aliyebaki kihambani wanaweza kuangukia sheria mbili tofauti.

“Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, basi mali ni yake.” Hapa ndipo familia nyingi huumia. Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Anayeteua ni mahakama. Na anachopewa msimamizi ni kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi, kisha kurudi kutoa hesabu. Mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, anatakiwa kurudisha fomu namba 5, ya mali na madeni, ndani ya miezi minne, kisha fomu namba 6, ya hesabu, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kwenye mahakama za juu, orodha ya mali hutolewa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Kodi ya pango ya nyumba iliyoko mtaa wa Majengo anayoipokea kila mwezi ni ya warithi wote, si posho yake. Akiitafuna, warithi wanaweza kuiomba mahakama imwondoe. Wengi hawajui hilo, wananung’unika jikoni miaka kumi.

“Mjane harithi.” Hii, kwa bahati mbaya, ina mizizi kwenye karatasi. Kanuni za urithi wa kimila za mwaka 1963, zinazotumika wilaya nyingi za Bara, zinamnyima mjane fungu ikiwa mume ameacha watu wa ukoo wake, eti atatunzwa na watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania ibadili, baada ya malalamiko ya wajane wawili. Lakini hata hivyo, sehemu ya mke katika mali waliyochuma pamoja ni yake. Haiingii kwenye mirathi ya mumewe. Mume anayempenda mkewe asimwachie ukoo kazi ya kuligundua hilo. Aandike.

“Karatasi na sahihi yangu vinatosha.” Havitoshi. Kwa kanuni hizo za kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje; asiyejua kusoma na kuandika, wanne. Wosia wa mdomo nao, wanne. Anayerithi asiwe shahidi. Mwislamu akumbuke kwamba wasia hauvuki theluthi moja, wala hauendi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie.

Jina la mke kama mrithi kwenye fomu ya benki? Zuri, ila benki bado itadai karatasi za mahakama.

Halafu kuna wanaodhani wakishaandika wamemaliza. Kiwanja kimeuzwa, shahidi amefariki, mtoto mwingine amezaliwa, na wosia ni ule ule wa zamani. Kwa wanaofuata ile sheria ya 1865, kufunga ndoa kunaufuta wosia ulioandikwa kabla yake. Na wosia wa maandishi wa kimila haubadilishwi kwa maneno ya kitandani hospitalini; andika mwingine.

RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika wosia na kuutunza kwa siri mpaka mwenyewe afariki. Ukiamua kuuweka nyumbani, angalau mtu mmoja ajue ulipo. Mzee mmoja wa kwetu aliuchomeka wake kwenye dari ya banda la ng’ombe. Ulionekana miaka miwili baada ya mazishi, mafundi walipokuja kubadili mabati, na kiwanja cha Himo kilikuwa kimeshauzwa.