Leza haipenyi udongo, wala haipenyi jani

Swali limerudi tena: je, droni yenye leza inaona handaki la mtemi Mirambo lililofukiwa huko Iselamagazi, makao yake makuu mkoani Tabora? Haioni. Leza si eksirei. Haipenyi udongo, haipenyi hata jani la mninga. Inachofanya ni kupita kwenye nafasi kati ya majani, kugonga ardhi na kurudi. Nafasi ikikosekana, ardhi haionekani. Handaki lililojaa mpaka usawa wa uwanda, bila bonde wala tuta juu yake, kwa leza halipo.

Kwa hiyo Tabora ruka Agosti au mapema Septemba, miombo ikiwa imepukutisha majani na kabla haijachipua. Mita 60 juu, mistari ya kuruka ipishane nusu kwa nusu. Lenga alama 4 za ardhini, yaani miale iliyogonga ardhi na kurudi, kwa kila mita ya mraba, ili kila kipande cha nusu mita kwa nusu mita kipate wastani wa moja.

Watu huhangaika na miti, kumbe adui ni nyasi. Kipigo cha leza cha nanosekunde 4 kina urefu wa mita 1.2 hewani; vitu viwili vikipishana kimo kwa chini ya sentimita 60 hivi, miangwi yao huungana. Nyasi za kufika magotini na ardhi iliyo chini yake vinarudi kama kitu kimoja, na ardhi "inapanda". Tuta la ngome lililomomonyoka likabaki sentimita 30 linamezwa hapo, na hakuna programu ya kulirudisha. Subiri nyasi ziungue.

Kisha kuna kuchuja, yaani programu kutenganisha ardhi na mimea. Ukiweka pembe ya mteremko ndogo mno, programu inalifuta tuta kali ikidhani ni kichaka. Ukilegeza, vichaka vinabaki kama vilima. Na msiniletee picha ya kivuli cha mwanga mmoja! Mwanga ukitoka kaskazini-magharibi, ukuta uliolala sambamba nao, kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, unatoweka. Angaza kutoka pande nane.

Ninachokiri: umbo halina tarehe. Kichuguu cha zamani kilicholimwa pembeni kinafanana na kona ya boma, na njia ya ng'ombe iliyochimbwa na mvua inafanana na handaki. Isike, mtemi wa Unyanyembe hapo Tabora, alishindwa na Wajerumani Januari 1893. Leza haiwezi kuniambia kama tuta ni la zamani zake au la shamba la tumbaku la juzi. Hapo nachukua keekee ya mkono, natoboa kila nusu mita kukatiza mstari, natafuta udongo laini wenye mkaa unaoshuka katikati, dalili ya handaki lililofukiwa.