Ukifika Kolo usiangalie ukutani tu

Karibu kila mgeni ninayempandisha Kolo, pale Kondoa, anafanya vilevile. Anafika juu anahema, anatoa simu, anapiga picha michoro ya kale ya mwambani, twiga na wale watu wembamba wa rangi nyekundu, halafu baada ya dakika tano anauliza tunashuka saa ngapi. Na muda wote huo amekanyaga kitu ambacho mimi ndo kazi yangu, vumbi la chini ya miguu yake.

Michoro inajulikana, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili 1951 na Unesco wakaliingiza eneo lote kwenye urithi wa dunia 2006. Lakini ukitaka kujua watu waliishije, angalia chini.

Mfano Kisese, hukohuko Kondoa. Palichimbwa miaka ya 1950 na zikatoka shanga za ganda la yai la mbuni, za kina cha chini zina zaidi ya miaka 40,000. Sasa shanga hizi si mchezo, unavunja ganda vipande vidogo, unatoboa katikati kwa ncha ya jiwe, polepole maana ukikaza tu linapasuka, ukishapata za kutosha unazitunga kwenye uzi unazisugua zote kwa pamoja kwenye jiwe mpaka zinakuwa duara na saizi moja. Mimi nikikuta iliyopasukia kwenye tundu nafurahi kuliko nikikuta nzima, kwa sababu shanga nzima inaweza kuwa imetoka mbali shingoni mwa mtu, ila iliyoharibika inaniambia fundi alikaa hapahapa, akasikia imelia ta! akaitupa akachukua nyingine. Huyo alikuwa na muda wa kujipamba jamani, tusiseme walikuwa wanahangaikia tumbo tu.

Sisemi aliyetoboa shanga ndiye aliyechora twiga, hapo katikati kuna vizazi na vizazi. Ile michoro myekundu ya mistari myembamba ni ya wawindaji na wachuma matunda, rangi yake ni ngeu, jiwe lenye chuma ndani yake linalosagwa na kuchanganywa na kitu cha kulishikisha. Ile myeupe iliyopakwa nene nene ilikuja baadaye, na wakulima na wafugaji.

Kuna mchoro mmoja wa watu watano, wa katikati ana umbo la mwanamke na wenzake wanamshika mikono huku na huku. Wengi wanasema anatekwa. Mimi naegemea kwa wanaoulinganisha na simbo, ngoma ya Wasandawe ambapo mtu anapandwa na hali nyingine kabisa na wenzake wanamshikilia, maana Wasandawe wako hapo jirani mpaka leo na wameishi kwa kuwinda muda mrefu sana.

Ombi langu, tafadhali usimwagie mchoro maji eti rangi ikolee kwenye picha, inaumia na hairudi. Na pale Mungomi wa Kolo watu bado wanapanda kuomba mvua, ingia kwa adabu kama unavyoingia sehemu yoyote ya ibada.

Ukiona chini kijiwe cheupe kinachong'aa, kina makali upande mmoja, huenda ni zana ya watu wa kale, usikiokote. Kikishatoka mahali pake siwezi tena kujua kililala na mfupa gani, na jivu gani. Kiache hapohapo uniite.